Daktari Glasi Tatu Hakubembeleza Picha

Marehemu dada yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi cherehani na mwalimu wa shule ya msingi. Alizaliwa mbishi. Mama alikuwa akisema, mtoto huyu hata ukimwambia kumekucha, atafungua dirisha ahakikishe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari ya wasichana mwaka 1977 na shahada ya udaktari mwaka 1984. Kisha akabobea katika kusoma picha za ndani ya mwili. Wenzake walimcheka kwamba amechagua kukaa gizani badala ya kutibu watu. "Nyinyi mnakata," aliwajibu, "mimi ndiye nawaambia pa kukatia."

Tarehe 5 Mei 1990 aliolewa na fundi bomba aliyeitwa idarani kwake kuziba bomba lililovuja. Shemeji yetu hutamba mpaka leo kwamba nyumba yao ilikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha maji hayavuji. Walijaliwa binti na mwana.

Jina lake la kazini lilikuja mwaka 2018, hospitali ilipopata mashine mpya ya MRI. Mbinu mpya za mashine hiyo huonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama ya mwili, na jinsi uvimbe unavyoifyonza dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani. Kwa mwenye uvimbe wa kibofu, swali kubwa ni hili: umeishia juu juu, au umezama kwenye msuli? Ukiishia juu, hukwanguliwa na kibofu kikabaki. Ukizama, mara nyingi kibofu chote hutolewa. Anayesoma picha hutoa alama moja hadi tano: tatu ni shaka, na tano ni habari mbaya.

Siku moja dereva wa lori alipewa alama nne na daktari mwingine, na upasuaji ukapangwa. Dada akaitazama picha, akakunja uso.

"Mzee, ulikwenda haja kabla ya kuingia?"

"Nilikwenda, daktari. Niingie kwenye mashine ya watu na mkojo? Si adabu."

Kumbe adabu ndiyo iliyomponza! Kibofu kitupu hujikunja, na ukuta wake ulionekana mnene. Dada alimnywesha glasi tatu za maji, akamketisha saa nzima, akaagiza apigwe picha upya. Mstari mweusi unaoonyesha msuli ulikuwa mzima, uvimbe haukuwa umeukata. Alama ikawa mbili, na dereva akaondoka na kibofu chake. Tangu hapo wote walimwita Daktari Glasi Tatu.

Novemba mwaka huohuo aliona damu kwenye mkojo wake mwenyewe. Hakujidanganya. Alikunywa maji, akalala kwenye mashine, na picha akaisoma daktari kijana ambaye dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Binti wa watu alikaa mbele ya skrini machozi yakimlengalenga.

"Mama, labda ulitikisika. Niandike tatu, turudie baada ya miezi mitatu?"

"Nilitikisika wapi? Nionyeshe."

"Hukutikisika."

"Mstari umekatika?"

"Umekatika, mama."

"Basi andika tano, mwanangu. Nilikufundisha kusoma, sikukufundisha kubembeleza."

Akaandika. Dawa zilianza mwezi huohuo, na Machi 2019 kibofu kilitolewa. Dada aliishi na mfuko wa mkojo tumboni, akarudi darasani kufundisha, na ubishi wake haukupungua hata kidogo.

Januari 2025 ugonjwa ulirejea, safari hii mapafuni. Alifariki nyumbani kwake alasiri ya tarehe 9 Juni 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Inatuuma sana, wala hatuoni haya kusema.

Ameacha mume, binti, mwana, wadogo watatu, madaktari kumi na saba aliowafundisha, na mjukuu mmoja wa kike mwenye miaka mitano. Mjukuu huyo alizaliwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, akalelewa mgongoni kwa bibi yake. Kama siku ile ingeandikwa tatu, leo angekuwa anamjua bibi yake kwa picha tu.

Pumzika, dada. Mwenyezi Mungu akupokee kwa amani.