Bi Snezhana na Ndege Iliyorudi

Tarehe 30 Juni Bi Snezhana Haralampieva anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuza tiketi za ndege katika wakala wetu wa safari hapa Plovdiv. Kwa miaka thelathini kati ya hiyo hakupanda ndege hata moja, kwa woga. Mganga hajigangi, na sisi wenzake hatukuchoka kumkumbusha.

Woga huo ndio uliotuletea wateja. Walipita ofisi za wengine wakaja kupanga foleni mezani kwake, kwani kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nao walitaka mbawa zao zikimbizwe pia. Kwenye droo aliweka daftari la buluu, kila kampuni na ukurasa wake. Mteja akiuliza, "Hawa wameanguka mara ngapi?" alimjibu, "Na wameruka mara ngapi? Tuanzie hapo." Kisha alimweleza nani huwakagua, kama wamewahi kuzuiwa kuruka Ulaya, na baada ya ajali walibadilisha nini. Umri wa ndege haukumsumbua sana. Alitaka kujua inatunzwa na nani. Kampuni iliyojigamba kwamba haijapata hitilafu hata siku moja aliiwekea alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Kosa lake kubwa tunalitaja kwa ruhusa yake. Miaka kumi na miwili iliyopita, wateja wawili walilalamika kwamba kampuni fulani iligeuza ndege njiani mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Bi Snezhana akachukua rula, akaifuta kampuni hiyo kwa mistari miwili. Neno lake lilisambaa mjini kuliko gazeti, na tiketi za kampuni ile zikakosa wanunuzi.

Siku moja akaja Bwana Dobromir Kanchev, fundi wa ndege aliyestaafu, akitaka tiketi ya kampuni hiyo hiyo.

"Siwezi kukuuzia, mzee wangu. Hawa wanarudirudi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, unamwogopa anayerudi? Mimi nilimwogopa yule anayeona taa ya tahadhari imewaka, akasema tutafika tu."

Siku mbili Bi Snezhana hakugusa banitsa, andazi lake la jibini la kila asubuhi, na kwetu hilo lilikuwa jambo zito. Siku ya tatu aliiandika kampuni ile upya kwenye ukurasa safi, kisha akawapigia simu wateja wote aliowakataza, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Mimi nilikaa meza ya jirani, nikasikia kila simu. Katika yote aliyoyafanya hapa, hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi.

Hata hivyo yeye mwenyewe hakuruka. Binti yake Gergana anaishi Dublin, na mjukuu wake Kalina alifikisha miaka mitano akimjua bibi yake kama uso tu kwenye simu. Februari mwaka huu mtoto alimuuliza, "Bibi, una miguu?" Bi Snezhana alikata simu, akalia mbele ya wateja, kisha akafungua daftari.

Alichagua kampuni ile ile aliyowahi kuifuta. Siku ya kuondoka tulimwaga maji kizingitini, kama tunavyomfanyia kila msafiri ili njia yake iwe laini. Kwa kawaida hutosha bilauri moja. Mkurugenzi wetu, Bwana Ognyan, alimwaga ndoo nzima, na mama wa watu akaenda uwanja wa ndege wa Sofia na viatu vilivyolowa. "Ogi, umetaka nisafiri au niogelee?" alimuuliza.

Dakika ishirini baada ya kuruka, rubani alitangaza kwamba taa ya tahadhari imewaka na wanarudi Sofia. Abiria walinung'unika, mmoja alilalamikia mkutano utakaompita. Watu wetu hupiga makofi ndege ikitua, lakini safari hii walinuna. Ni kiti kimoja tu, 14C, cha Bi Snezhana, kilichopiga makofi, tena kwa nguvu. Anakiri mwenyewe.

Ofisini tulijua amekwisha, angerudi Plovdiv kwa basi la kwanza. Nilimpigia simu nikamwambia, "Njoo nyumbani, tutakupikia supu."

"Nyamaza, Simeon mwanangu," alinijibu. "Fundi anafanya kazi."

Saa tatu baadaye alipanda ndege ile ile. Jioni tulipokea picha kutoka uwanja wa Dublin: Kalina amechuchumaa sakafuni, ameshika miguu yote miwili ya bibi yake, akihakikisha.

Bi Snezhana, asante kwa daftari, ambalo linabaki kwenye droo yako, na kwa simu zile za kuomba radhi. Tarehe 2 Julai unaruka tena, safari hii kwa miezi mitatu. Ndoo iko tayari. Nenda salama, ukae kwa furaha na wanao, na rubani akiona heri kurudi, mpigie makofi kwa niaba yetu sote.