Bwana Jefwa na Sindano ya Mgongo

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Bwana Jefwa Mwaringa, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati yetu ya Garsen, anastaafu tarehe 31 Desemba 1957. Alianzia Kipini akifua bendeji, kisha akahamishiwa huku, na tangu hapo waliojeruhiwa na mamba na wenye homa za mafuriko wote wamepita mikononi mwake.

Tuseme ukweli: Jefwa ni mtu wa shaka. Hunusa kila chupa ya dawa, na chai ya kukaribishwa haigusi mpaka mwenyeji ameionja. Kwa hiyo mwaka 1953, daktari wa ziara alipoleta dawa ya kudungwa mgongoni ili kutuliza maumivu, Jefwa aliikodolea macho ile sindano ndefu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Halkano, mfugaji wa Kiorma aliyeangushwa na fahali. Mgongo ulimpinda, maumivu yakashuka hadi kisiginoni, na ng'ombe wake wakawa wanachungwa na wengine. Dada yake, Qabale, aliziba mlango. Huku kote watu walisema kwamba sindano ya mgongo hunyonya uboho na kumwacha mtu kiwete.

"Wewe dungwa kwanza," alimwambia Jefwa. "Sisi taangalia."

Daktari alisita kumdunga mtu mzima wa afya. Lakini Jefwa alijua kwamba watu hawa wakiondoka siku ile hawatarudi. Akavua shati, akalala kifudifudi mezani.

Alipokwisha kudungwa akashuka, miguu haikumbeba, akaanguka kama gunia. Wanaume waliomleta Halkano, waliokuwa uani, wakainua fimbo.

"Miguu iko wapi?" Qabale alifoka.

"Ipo, mama," Jefwa alijibu huku jasho likimtiririka, "ila siisikii."

Baadaye alituambia kwamba pale chini aliamini kweli amepooza, akamfikiria mkewe, Kadii, na shamba lao. Ganzi ilipoisha alisimama, akauzunguka ua wote, Qabale akimfuata nyuma na kumkagua visigino.

Bado mama huyo hakuridhika. Alitaka kaka yake apewe dawa ya chupa ile ile, na chupa akaishika mwenyewe. Halkano akadungwa, na jioni alikaa kitako akala, jambo alilokuwa amelisahau. Nafuu hiyo haikudumu. Maumivu yalirudi, mguu ukaanza kufa ganzi, ikabidi apelekwe pwani akapasuliwe. Qabale alikubali kwa sharti kwamba Jefwa aende nao. Alikwenda, wakangoja pamoja nje ya chumba cha upasuaji. Halkano alirudi kwa miguu yake. Mmoja anauburuta kidogo, lakini ng'ombe anawachunga mwenyewe.

Juma lililopita Qabale alisikia habari za kustaafu, akaja moja kwa moja ofisini kwetu.

"Nani nafukuza Jefwa?"

Tulimweleza kwamba ni umri tu, hakuna aliyemfukuza. Alitutazama mmoja mmoja, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, na hakunyanyuka mpaka Jefwa alipokuja kumhakikishia kwamba anaondoka kwa hiari yake.

Bwana Jefwa, ahsante kwa mikono yako na kwa moyo wako. Nenda salama nyumbani kwa Kadii. Sisi wenzako tunakuombea afya, mavuno mazuri, na miaka mingi ya kupumzika.