Saba ya Abu Saba

Wapendwa waombolezaji, ndugu wa Nyeri na Machakos mlioko hapa Doha, nawe mjane wetu Mumbua unayetusikiliza kwa simu kutoka nyumbani, familia imemtuma Damaris, dada mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya Fabian Wanjohi Ndirangu, na mtamwia radhi sauti ikikatika, maana Jumamosi iliyopita alikuwa jikoni akimpikia kaka yake pilau ya ushindi, leo ameshika karatasi hii, na kichwa bado kinakataa.

Fabian alizaliwa tarehe 9 Juni 1985 huko Kiganjo, Nyeri, mtoto wa tatu wa Mzee Ndirangu na Mama Jennifer, akasoma shule ya msingi papo hapo hadi mwaka 1999, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003 kwa alama ambazo mwenyewe alikataza zisitajwe, nasi tunatii. Mwaka 2004 aliajiriwa kuwa saisi, yaani mtunza farasi wa mbio, kule Ngong, Nairobi, na langoni mwa mazizi hayo akampata Mumbua, aliyekuwa akiuza chai, wakafunga ndoa Machakos tarehe 18 Agosti 2012, Mungu akawajalia Velma mwaka 2013 na Cyrus mwaka 2016.

Alifika Doha Septemba 2019, na wiki ya kwanza tu akatuachia kisa, maana msimamizi alimwambia kwa Kiarabu afike saa saba, neno ambalo kwao na kwetu ni lile lile, naye akasikia saa saba ya kwetu, akalala fofofo, akatokea mchana jua likiwa utosini, kumbe saa saba ya Waarabu ni saa moja yetu ya asubuhi, farasi wamekwisha kimbizwa, wameogeshwa, wamelishwa, jamani! Zizi zima likamwita Abu Saba, yaani Baba Saba, jina likamganda, na kwa aibu ile akazikariri namba zote za Kiarabu mpaka akawa anaziota.

Mwaka 2022 alikabidhiwa Durra, farasi jike wa nasaba, mrembo lakini mkorofi, aliyeng'ata kila mkono isipokuwa wa Fabian, hata Mumbua akipiga simu alitangulia kuuliza hali ya mke mwenza kabla ya hali ya mume. Fabian alimwahidi Velma kwamba siku Durra atakaposhinda kombe kubwa, yeye baba ndiye atakayemshika hatamu mbele ya kamera, na shule nzima itajua baba yake ni nani.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na presha tangu mwaka jana, dawa alizinywa alipokumbuka, na Damaris, ambaye ni muuguzi, alimgombeza hadi ulimi ukachoka.

Jumamosi tarehe 31 Januari 2026, kwenye mbio za kombe kubwa, Durra akiwa namba saba, alitoka vibaya, akawa wa mwisho kwenye kona, watu wetu wakaanza kuinamisha vichwa, kisha akafunguka, akapita huyu, akapita yule, akafika mstarini pua kwa pua na farasi dume wa kijivu, na hakuna jicho la binadamu lililoweza kusema nani katangulia, ubao ukaandika kwamba picha inaangaliwa, uwanja mzima ukangoja. Fabian alikuwa kwenye uzio, hatamu mkononi, pembeni yake Mutai, mlinzi aliyekuwa na miezi miwili tu Doha, na Mutai ndiye aliyemdaka aliposhika kifua, akamsikia akitamka neno moja, saba, kisha kimya, na ndipo kipaza sauti kikatangaza kwa Kiingereza kwamba mshindi ni namba saba, watu wetu wakarukaruka, Mutai akiwa amempakata. Madaktari walihangaika naye, ikashindikana, akafariki jioni ile ile.

Mumbua, tulikusikia ukilia kwamba mumeo amekufa akiomba saba itoke, roho juu, bila kujua matokeo, na hilo lilituuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu sote tuliamini hivyo, na Mutai aliapa hivyo.

Jana alikuja Rodney, mwenzake wa zizini, ambaye siku ile alikuwa ndani ya uzio akimpoza Durra, tukamsimulia, akatukodolea macho, akauliza, kwani hamjui kwamba matokeo husomwa kwanza kwa Kiarabu? Lo! Mutai alikuwa akingoja Kiingereza, Kiarabu kwake ni kelele tu, lakini kipaza sauti kilikwisha sema saba, na Abu Saba hakuwa mtu wa kukosea neno hilo mara ya pili. Mutai aliketi sakafuni, akalia kama mtoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa mtaa wetu wa Al Sadd waliotupikia na kukesha nasi, Mutai ambaye hakumwacha hadi mwisho, na wafanyakazi wote wa zizi, ambao wanatuambia Durra bado anakataa chakula.

Mumbua, mwambie Velma, baba yake hakuwa akiomba, alikuwa akitutajia mshindi. Pumzika kwa amani, Abu Saba, safari hii ulisikia sawasawa.