Honorin Tavenel na Nyundo ya Mkono wa Kushoto

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu Honorin Tavenel, mchonga picha wa mtaa huu wa Saint-Jacques, kama mkewe Perrine alivyoomba yasomwe.

Alizaliwa Rouen tarehe 3 Machi 1724, mtoto wa pili wa mshona glavu, akasoma kwa mapadre hadi mwaka 1736, kisha akaletwa hapa Paris kujifunza kuchonga kwenye bamba la shaba, na kwa miaka mingi alichonga watakatifu wa kuuziwa mahujaji. Mwaka 1751 alianza kusoma maandishi ya wale wanaosema kwamba akili ya mwanadamu ni taa, na kwamba mshona viatu anastahili kuchorwa kama mfalme, akawaacha watakatifu, akazunguka karakana akichora nyundo, sindano na mikono ya mafundi, ili hata mtoto akitazama picha aielewe kazi.

Alimwoa Perrine tarehe 9 Juni 1753, wakajaliwa binti mmoja, Toinette.

Picha ya bamba ikichapwa hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto, hivyo Honorin alichonga akiutazama mchoro wake kwenye kioo. Oktoba 1776 alichapa picha ya jirani yetu Lubin, mshona viatu, nyundo ikatoka mkono wa kushoto.

"We mzee, mimi nimekuwa wa mashoto tangu lini?" Lubin alisema, watu wakacheka, Honorin naye akacheka, lakini Perrine hakucheka, maana alitambua kwamba mumewe haoni tena ndani ya kioo, na kwamba alikuwa akiwaficha.

Tarehe 14 Mei 1777 alipasuliwa macho, ukungu uliokuwa umeyafunika ukatolewa, lakini jicho la kulia likaoza, la kushoto likafuata. Alitaka jambo moja tu, kulisahihisha bamba la Lubin, na kila asubuhi Toinette alimshika kidole akakipitisha juu ya shaba.

"Ndipo hapa, baba."

"Hapa wapi, mwanangu?"

Perrine aliketi akiwatazama, mikono ndani ya aproni, asijue la kufanya. Bamba likabaki lilivyo.

Alifariki tarehe 2 Februari 1779 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka hamsini na minne.

Tunamshukuru daktari, aliyeendelea kuja hata alipoishiwa dawa, tunawashukuru wachapaji wenzake, majirani waliotuletea supu, na Lubin, ambaye ameibandika picha ile dukani kwake, na mteja akiuliza, hujibu kwamba ndiyo, yeye ni wa mashoto.

Yapumzishe macho, Honorin, ulale kwa amani.