Kilo Nane kwenye Barabara ya Munigi

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi popote mlipo, hapa Goma mjini, kule Munigi, mpaka Kiwanja ambako mnatupata kwa kuzungusha antena. Ni mimi, Mushagalusa wenu wa Jumamosi. Leo sitaanza na muziki. Leo namkumbuka Mama Émérance Kahindo, aliyetutoka Jumanne, wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Mama Émérance Kahindo wa mtaa wa Katindo. Yule aliyewafundisha wanawake kunyanyua vyuma.

Niseme mapema, nisije nikawadanganya kwa sauti ya upole. Nina kinyaa. Kimenikaa kooni tangu siku ya kilio, hakimezeki, hakitemeki. Mtanivumilia.

Kwanza turudie jambo moja, maana mjini linazungushwa vibaya. Mama Émérance aligongwa na lori. Kamiyo kubwa ya mizigo iliyokuwa ikishuka kutoka upande wa Rutshuru bila breki. Yeye alikuwa amepanda pikipiki nyuma ya kijana mwendeshaji, anakwenda Munigi. Mapajani alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na chuma cha mazoezi cha kilo nane. Lori liliacha upande wake wa barabara likaja upande wao. Dereva akatoka mbio. Mpaka leo hajulikani alipo. Hayo ndiyo yaliyotokea, hakuna mengine.

Sasa sikieni yaliyosemwa kwenye kilio. Nilikuwa nimekaa, nimepewa sahani. Mzee mmoja pembeni yangu, sitamtaja, akasema: "Si munaona? Chuma njo ilimuua. Mwanamuke anatembeza chuma ya nini?" Mwingine akadakia: "Kama hakukuwa ile kilo nane, angeruka pembeni."

Angeruka! Kutoka juu ya pikipiki, mbele ya lori lililojaa mbao! Watu wamekaa chini ya hema la familia, vidole vimejaa ugali wa fufu ya familia, sombe ya majani ya muhogo imewaganda kwenye ndevu, na wanamhukumu marehemu kwa kilo nane. Lori zima, kimya. Dereva aliyekimbia, kimya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya breki. Nilisukuma sahani yangu. Chakula kilinichefua, na walaji walinichefua zaidi.

Kijana aliyeendesha ile pikipiki anaitwa Bahizire. Yeye alivunjika mguu, yuko hai, na nilimfuata hospitalini nisikie kwa kinywa chake. Alisema: "Papa, ile kamiyo ilikuya kwetu. Ata kama tungekuwa tunabeba pamba, ingetupiga." Hata kama wangebeba pamba. Kumbukeni maneno hayo.

Lakini maneno ya kilio hayakuishia kwenye kilio. Mkubwa wa familia ni kaka wa marehemu, Papa Sikuli, mfanyabiashara wa maharagwe anayejulikana Kiwanja na hapa. Alisimama akasema vile vyuma vyote ishirini na viwili, vilivyoko kwenye ile sale ndogo ya Katindo, chumba chake cha mazoezi, vitauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Vimekula dada yake, havitakula mtu mwingine. Mdogo wao wa kike, Kaswera, alimlilia kaka yake mpaka sauti ikakatika: "Yaya, chuma haina kosa! Ile sale njo kitu yenye alituachia. Bamama bataenda wapi?" Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo kesi ilipo. Je, vyuma vya Mama Émérance vibaki Katindo, au viyeyushwe?

Ili mwelewe kinachotaka kuyeyushwa, tumfahamu mwenyewe.

Mama Émérance alizaliwa upande wa Butembo, katika nyumba ya Wakatoliki wakulima. Alifika Goma kwa biashara. Alikuwa akileta maharagwe kutoka Kiwanja pamoja na kaka yake, na gunia hakungoja mwanaume ampakilie. Alilibeba mgongoni, mkanda kwenye kipaji cha uso, kama mama zetu wote wa Kivu wanavyobeba. Kaswera anasema: "Alikuwa anabeba kilo makumi tano huku anatukana muteja." Baada ya mtoto wa pili mgongo ukakataa. Daktari akamwambia afanye mazoezi ya nguvu, polepole.

Akaenda kwenye sale moja hapa mjini, sitaitaja. Mwalimu, kijana mwenye kifua kama jogoo, akamtazama kitambaa cha kichwani, akamtazama viatu, akamletea ketelbeli ya rangi ya waridi. Ketelbeli, kwa asiyejua, ni tufe la chuma lenye mshikio juu. Akina mama wa Katindo wanaiita chuma cha masikio. Akamwambia: "Mama, anza na hii, ni ya wanawake." Ilikuwa ya kilo mbili.

Kilo mbili! Mtoto wake mchanga alikuwa mzito kuliko hiyo. Bidoni ya maji anayobeba kila asubuhi ina litri ishirini, na huyu jogoo anamletea kilo mbili kwa sababu ina rangi ya waridi. Mama Émérance aliirudisha chini bila neno, akaondoka.

Na hapo akafanya kosa, yeye mwenyewe alipenda kulisimulia. Kwa hasira akanunua chuma cha kilo ishirini na nne. Alihesabu hivi: kama mgongo unabeba hamsini, mkono utashindwaje na nusu yake? Akakishika uani, akakisukuma juu ya kichwa. Kikafika usawa wa sikio lake, kikakataa. Kikageuka, kikampiga kifundo cha mkono, kikaanguka kwenye sakafu kikaacha shimo. Wiki tatu hakuweza hata kusonga fufu. Ndipo akasema maneno ambayo wanawake wake wote wanayajua kwa moyo: "Mugongo yangu ilisoma. Mukono haijasoma. Itaanza kwa primeri kama batoto bengine."

Akatafuta kilo nane. Akaanza upya. Baada ya mwaka mgongo ulikuwa umetulia, na majirani wakaanza kumfuata wamuulize alifanyaje.

Namna yake ya kumchagulia mwanamke chuma cha kwanza ilikuwa hivi, nimeipata kwa Kaswera. Mgeni akiingia, hakuulizwa uzito wake wala umri wake. Aliulizwa: "Unabebaka nini, na wapi kunauma?" Kisha anawekewa vyuma vitatu chini: sita, nane, kumi na mbili. Mama Émérance anamwambia: "Usiangalie rangi. Rangi ni ya muuzaji. Ingiza mikono yote mbili kwenye sikio yake, pale pa kushikia, uone kama zinaenea. Pitisha kidole, usikie kama haikwaruzi. Sasa nyanyua na mukono moya mpaka juu ya kichwa, mara tano. Kama kwa ya tano ungali unanipigia habari za soko, rudisha, ni nyepesi. Kama unapinda mugongo, rudisha, ni ya mwaka kesho. Kama umekunja sura lakini mugongo imesimama, hiyo ni yako, ichukue."

Na hakuamini namba iliyopakwa kwenye chuma. Kila kimoja alikipeleka kwenye mizani ya maharagwe. Siku moja muuzaji alimpa kilo nane iliyokuwa sita na nusu. Alimrudishia mbele ya soko zima, akamuuliza: "Kilo moya na nusu ulikula?"

Sasa nafika mahali ambapo ningependa sana kuweka wimbo. Fundi mitambo wangu ananitazama nyuma ya kioo. Hapana, ndugu yangu, usiweke wimbo.

Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye kipindi hikihiki, mlinitumia ujumbe kwamba Katindo kuna mama anafundisha wanawake kunyanyua vyuma. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakohoa, wengine mnakumbuka. Nikasema: "Mume wake akichelewa kurudi, asigonge mlango, aombe msamaha kupitia dirishani." Nikasema mwanamke kama huyo atamkunja mtoto badala ya kumnyonyesha. Nikampa na jina: Papa Émérance, yaani baba, si mama. Nilifurahi sana siku hiyo. Simu zilikuwa nyingi.

Jina likamfuata sokoni. Watoto wakamwimbia. Waume wakakataza. Alikuwa na wanawake kumi na tisa, wakabaki saba. Ilimchukua miaka miwili kuwarudisha, mmoja mmoja, mlango kwa mlango.

Hakuja kunitukana. Alikuja hapa studio, akaweka chuma cha kilo nane juu ya meza hii ninayoegemea sasa. Akasema: "Papa Mushagalusa, nyanyua mara tano, kisha uendelee kucheka." Nikamwambia kipindi kinaanza. Uongo, kulikuwa na nusu saa nzima. Niliogopa kushindwa mbele ya mwanamke. Akabeba chuma chake akashuka ngazi, nami nikangoja hatua zake ziishe ndipo nikacheka tena.

Kama mnaona kinyaa, karibuni. Hicho ndicho ninachokunywa na chai kwa majuma mawili sasa.

Maana bado sijasema la mwisho. Kwenye kilio wote waliuliza: alibeba chuma cha nini? Hakuna aliyeuliza: alikuwa anampelekea nani?

Jioni ya maziko dada yangu Olive alikuja nyumbani kwangu. Olive Cibalonza, mdogo wangu wa tumbo moja, anaishi Munigi, ana watoto watatu. Hakukaa. Akasema akiwa amesimama: "Yaya, ile chuma ilikuwa yangu."

Tangu uzazi wa tatu, Olive hawezi kuinua bidoni bila kushika ukuta. Alimpigia Mama Émérance simu. Akaulizwa kama wote: unabebaka nini, na wapi kunauma? Kisha akaambiwa: "Kuya Katindo, tutakuchagulia." Olive akakataa. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu anayetazama mdudu ndani ya mchuzi. "Ningeenda namna gani? Kule bote banajua niko dada yako. Ningeingia na sura gani mbele ya bamama benye ulichekaka?"

Kwa hiyo mwalimu akapanda pikipiki kumfuata mwanafunzi. Akamwambia kwenye simu: "Basi baki, nitakuletea nane. Ikikuwa nyepesi, tutapanda." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mtu aliyasikia kwa simu.

Lori lilimgonga Mama Émérance, narudia. Lori bila breki. Lakini kwamba alikuwa kwenye barabara ile, siku ile, saa ile, huo ni mkono wangu. Kicheko changu ndicho kilichomfungia Olive mlango wa Katindo. Waliosema chuma, walisema uongo. Na mimi niliyekaa nao chini ya hema, nikichukia midomo yao, midomo hiyo ilikuwa imejifunza kwangu.

Juzi Alhamisi familia ilikaa kuamua. Nilikwenda, mimi na Olive. Nilisema mbele yao yote niliyowaambia ninyi sasa. Kaswera alifunika uso kwa kitenge. Papa Sikuli alikuwa amekaa, kile chuma cha kilo nane kiko miguuni pake. Polisi walikirudisha bila hata mkwaruzo, na watu waliogopa hata kukisogeza.

Halafu Papa Sikuli akasema: "Wewe unatuambia sisi batu kumi na mbili, kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba. Lakini dada yangu ulimuchekea mbele ya province muzima. Mutu anasafisha pale alichafua. Sema ile yote redioni, siku ya posho, ile Jumamosi yako, saa tatu, pale pale ulichekea. Ukisema, vyuma vitabaki Katindo na Kaswera atafundisha. Usiposema, kesho yake siku ya yenga mutu ya feraye, ile ya vyuma chakavu, anakuya na mizani yake."

Nikamwambia ninaweza kupoteza kipindi. Akanijibu: "Yeye alipoteza nini?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa familia ya Kahindo natoa pole. Pole kwa mama mzazi aliyebaki Butembo. Pole kwa watoto wake wawili. Pole kwako Kaswera, na kwa wanawake wote wa ile sale. Pole kwako Bahizire, upone mguu. Bwana ampokee Mama Émérance, na sisi atuache na aibu mpaka itufundishe kitu.

Na ninyi mnaonisikiliza, kabla ya kuuliza marehemu alikuwa amebeba nini, ulizeni kwanza nani alimsukuma kwenye barabara hiyo. Jibu likiwa wewe, usilimeze na fufu ya watu.

Papa Sikuli, najua redio yako iko wazi. Ni posho, ni saa tatu. Nimesema.