Muhindo Achague Breki Gani

Pale kona ya Kampemba kuna benchi ambalo si benchi. Ni ubao uliolazwa juu ya jante mbili, yaani rimu, za lori, na anayekaa mwisho kabisa humwinua mwenzake wa upande wa pili bila idhini yake. Mbele ya ubao mama Mapalo anauza kahawa ya tangawizi, na wateja wake wa kila siku ni watu ambao hawajawahi kuwa na shaka na jambo lolote. Jumamosi ile asubuhi hoja ilikuwa imelala mbele yao, magurudumu juu: kinga, maana ndivyo baiskeli inavyoitwa Lubumbashi, tena kinga ya mbio, nyekundu, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Ilikuwa nzuri sana, na haikuwa na breki hata moja.

Mwenyewe ni Muhindo, mtoto wa Butembo anayeuza sabuni kwa jumla. Anampenda Dorine, na Dorine anampenda. Kilichobaki ni baba wa msichana. Jumapili iliyopita papa Katongo alimuuliza sebuleni kama anafanya michezo yoyote, na Muhindo, kwa kutaka kupendeza, akajibu kwamba yeye amekulia juu ya magurudumu mawili. Mzee alifurahi kupita kiasi. Basi Jumamosi saa nne watoke wote wawili na kinga, njia ya Kinsevere, na mambo ya mtoto wake Dorine watayaongea huko huko njiani. Wakutane kwenye kahawa ya Mapalo.

Sasa tuseme ukweli mapema ili tusisumbuane: Muhindo hajui kupanda kinga. Hajawahi hata kuikalia. Ile nyekundu aliinunua Jumatatu kwa hofu tupu, na tumaini lake lote lilikuwa kwamba ubishi wa breki ungeendelea mpaka mvua inyeshe. Mbingu, kwa ukatili wake, zilikuwa nyeupe, bila wingu.

Fundi Jeannot, anayeitwa Clé-Dix kwa sababu spana namba kumi haimtoki mkononi hata akinywa kahawa, alimwaga kwenye ubao vyuma vyake vya breki, au frein kama wanavyoziita hapa.

— Patron, angalia. Hii njo étrier. Inaingia mu shimo ya katikati, inafinya jante toka juu, sawa vile mama anamufinya mutoto ku shavu. Hii ingine njo frein V: mikono mbili mirefu, moya huku, moya kule, nguvu mingi. Na hii njo cantilever: mikono inapanuka, kamba inaivuta ku katikati, matope inapita bila kuuliza.

— Na ya kinga yangu ni gani? aliuliza Muhindo.

— Étrier. Kinga ya course, ya mbio, iko na shimo moya tu, hakuna fasi ya kufungia ingine. Unamaliza kahawa, na miye namaliza.

Moyo wa Muhindo ulimshuka mpaka kwenye soksi. Akamgeukia Mwaba haraka.

— Ministre, weye unaona aye? Tusikimbize mambo.

Mwaba anaitwa Ministre, yaani Waziri, kwa kuwa hajibu swali kabla ya kujiweka sawa kwenye kiti, na akijibu, swali linabaki pale pale. Akajiweka sawa. Europe, mteja mwingine aliyekuwa mwisho wa ubao, akainuka kidogo na kikombe chake.

— Étrier iko ya bantu ya ville, ya mujini, alisema Ministre. Mu njia ya Kinsevere kuko ma-camion, lori tupu. Weka frein V. Yomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa anabeba makala ya kupikia na kinga. Siku moya akafinya frein V, kinga ikasimama. Makala ikaendelea.

— Ikaendelea wapi? aliuliza mama Mapalo.

— Ku soko. Yomba anafika kule na miguu, anakuta inaisha kuuzishwa.

— Nani aliiuzisha?

— Mama, hii ni mambo ya technique. Bakubwa balisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe.

— Iko na uhusiano gani na frein?

— Frein njo mugeni. Jante njo mwenye nyumba.

Clé-Dix alitikisa kichwa kwa heshima. Methali ikishasemwa kwenye ubao ule, huwa haichunguzwi.

Europe jina lake hasa ni Bénit. Anauza viatu vya mitumba vinavyotoka Ulaya kwenye marobota, na kwa sababu hiyo anaijua Ulaya yote, ingawa mwenyewe hajapita mpaka wa Kasumbalesa.

— Nyiye munaongea mambo ya zamani, alisema. Ku Bulaya étrier iko na misumari mbili ya kuzungukia. Ya musumari moya banaiachiaka batoto. Kidole moya haiuwake chawa.

Hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa amesema kitu cha kweli, na Clé-Dix akaanza kutafuta ile ya misumari miwili. Muhindo akamwahi.

— Na ya mbele na ya nyuma, alisema haraka, zifanane, ao kila moya ya kwake?

Lilikuwa swali la kumtoa mtu kijiweni kwa aibu. Lakini wenzake walilipokea kwa mikono miwili.

— Mbele V, nyuma cantilever, alisema Ministre. Na étrier chini ya kiti.

— Chini ya kiti inafinya nini? aliuliza mama Mapalo.

— Mwenye kukaa. Njo anakumbuka kupunguza mwendo.

— Ku Bulaya, alisema Europe, banafunga frein leo juu ya kusimama kesho.

— Na leo? aliuliza Muhindo.

— Leo banapita. Na kama frein inakatala, unafungua shati, upepo inaingia, unasimama peke yako. Ile shati yabo ya kubana, unafikiri ni juu ya nini? Baliona bantu banasimama ovyo.

Hata Clé-Dix, aliyeanza asubuhi akiwa na akili zake, sasa alikuwa amezichanganya na kahawa.

— Étrier ya misumari mbili, alisema, niliifunga siku moya, nikazungusha gurudumu vile hivi, magurudumu juu, nikafinya. Jante ilisimama. Hewa ya mu chambre à air, mu mupira ya ndani, iliendelea kuzunguka mpaka mangaribi.

— Uliionaka aye? aliuliza mama Mapalo.

— Niliisikia.

Ministre aliinua kidole kimoja.

— Frein ya kweli iko mu roho. Ukiogopa, kinga nayo inaogopa.

Muhindo alifikiri kwamba kwa hesabu hiyo kinga yake isingeondoka pale mpaka mwisho wa dunia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimwona Ministre ni mtu wa hekima. Akaomba kahawa nyingine. Mama Mapalo alitikisa chupa.

— Inaisha, alisema.

Na kwenye kona akatokea papa Katongo.

Alivaa kofia ngumu ya waendesha baiskeli, miwani ya njano, na kaptula ya kubana iliyowafanya watu wote wa benchi kutazama chini kwa adabu. Kinga yake ilikuwa mpya, ya bluu, yenye breki zote mbili. Alikuwa anaisukuma kwa mkono huku anatembea.

— Jambo yenu, bana.

— Jambo, papa, walijibu, na Muhindo akasimama, akampokea mzee mkono kwa mikono miwili. Ubao ukamwangusha Europe.

— Papa, kinga inaharibika? aliuliza Clé-Dix.

— Hapana. Iko nzima. Munaongea mambo gani?

Wakamweleza wote kwa pamoja: étrier, V, makala ya yomba, shati. Papa Katongo alisikiliza mpaka mwisho, akaisimamisha kinga yake katikati yao.

— Muzuri. Naona niko na bataalamu. Nani kati yenu ataipanda kidogo, nione vile banafanyaka?

Clé-Dix aliigeuza spana kama anayeiona leo.

— Miye kinga naijuaka paka magurudumu juu tu, alisema.

— Miye niko na presha, alisema Ministre.

Europe alikuwa bado chini, akaona ni heri abaki huko huko. Macho yote yakaenda kwa Muhindo. Aliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio, na aliona sura ya Dorine.

— Papa, unisamehe. Siyui. Ile magurudumu mbili nilikomelea ilikuwa ya chukudu.

— Chukudu ni nini?

— Kintu ya miti, ya kwetu ku Kivu. Haina pedali. Unaweka muguu moya juu, ingine unasukuma nayo chini. Tulibebaka biazi, makabichi, bantu.

Papa Katongo alivua miwani ya njano taratibu. Usoni hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

— Na miye siyui, mwana. Kinga batoto balininunulia juu ya sukari ya mu damu. Miezi yote naisukuma paka mu parcelle tu, mu kiwanja ya nyumba. Jumapili ulisema ulikomelea juu ya magurudumu, nikasema mu roho: asante Mungu, mukwe atanifundisha.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mama Mapalo, ambaye alicheka kwa wote.

— Ile chukudu, aliuliza mzee, frein yayo iko fasi gani?

Muhindo alinyanyua mguu, akaonyesha soli.

— Onyesha basi.

Muhindo aliishika kinga ya bluu, akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali, wa kulia akasukuma. Ikaenda. Akateleza mpaka mbele ya duka la muhogo, akakanyaga chini kwa kisigino, vumbi likapanda, akasimama kama mfalme. Clé-Dix alipindua ile nyekundu, akampa mzee. Papa Katongo aliyumba, akasema jina la Yesu, akasukuma tena, kisha naye akaenda.

Wakaondoka hivyo wawili, mguu mmoja juu, mmoja chini, breki za bluu zikiwa hazijaguswa.

— Mambo ya Dorine tutaiongea, ilisikika sauti ya mzee. Lakini paka ku mupando tu. Ku mushuko niko na kazi.

— Papa, alipaza sauti Clé-Dix, nifunge frein gani?

Mzee hakugeuka. Soli zake zilikuwa zinakwaruza lami na kulika.

— Uliza Europe kama iko na biatu ya namba arobaini na tatu, quarante-trois.