Mwalimu Ezekia Kalinga na Jina la Bibi Yake, 1906–1958

Leo, tarehe 4 Septemba 1958, hapa Mbeya, tunamzika Mwalimu Ezekia Kalinga, na kwa agizo lake tunataja jina la mtu mwingine ambaye hakuwahi kuzikwa na watu wa kwao.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1906 karibu na Mto Ruaha Mdogo, Iringa, mtoto wa tatu wa Mzee Kasian Kalinga. Mama yake Mzee Kasian alikuwa ametekwa Usangu akiwa msichana, akifukuza ndege shambani, enzi za vita vya machifu, akaletwa Uhehe. Alifariki mwanawe akiwa bado ananyonya. Nyumbani walimwita Msangu tu.

Mwalimu alisoma shule ya misheni Iringa, akahitimu ualimu mwaka 1928. Alifundisha Iringa miaka kumi na minane, kisha akahamishiwa Mbeya mwaka 1946. Mwaka 1934 alifunga ndoa na Bi. Andendekisye, ambaye alimcheka mpaka mwisho kwa kupeleka barua ya posa yenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari.

Somo lake lilikuwa historia. Wafalme wa kale wa Uingereza aliwafundisha kama jamaa wa nyumba moja: Egbati babu yake Alfredi, Alfredi babu yake Athelstani. Siku moja ya mwaka 1951 aliwaambia wanafunzi kwamba mama yake Alfredi aliitwa Osburga.

Binti mmoja, Waridi Mrisho, akainua mkono. "Na mama wa baba yako, mwalimu, aliitwa nani?"

"Tulimwita Msangu."

"Hilo si kabila, mwalimu?"

Darasa likacheka. Sauti ikatoka nyuma: "Bibi wa Wazungu anamjua, wa kwake hamjui!"

Mwalimu hakumwadhibu mtu. Aliweka chaki mezani, akasema, "Mmesema kweli. Nitalitafuta jina lake, na nikilipata nitawasomea."

Tangu hapo kila likizo ilikuwa na safari ya Usangu. Alipanda lori mpaka Igawa, akashusha baiskeli, akaendelea kwa siku mbili na daftari mfukoni. Aliuliza wafugaji wa Rujewa na wafanyabiashara wazee. Wengi walimwambia habari hiyo ilikufa na waliopigana. Alirudi na vumbi, akimwambia mkewe, "Bado, mama Fanueli. Lakini lipo."

Mwaka 1957 aliugua tumbo, akalazwa Mbeya. Daktari alimtaka apumzike. Alipopata nafuu kidogo mwezi wa Julai, alisafiri tena, safari hii akimwegemea mwanawe Fanueli, mpaka Madibira kwa Bibi Rukia, ajuza ambaye shangazi yake alitekwa shambani akifukuza ndege.

Bibi Rukia alimtazama sana. "Unalitakia nini jina lake? Hilo kwetu hatulitaji."

"Kwa nini, bibi?"

"Hatukujua tumlilie au tumsubiri. Basi tukanyamaza."

"Mimi ni mjukuu wake. Alifika, alizaa, alifariki. Mlilieni sasa."

Bibi Rukia alifunika uso kwa khanga. Baadaye akasema, "Sekapungu. Nawe mjukuu wangu, ukalitaje penye watu, msibani, kama anavyotajwa mtu."

Mwalimu aliahidi. Shule ilipofunguliwa alilisoma darasani, akaliandika ubaoni juu ya jina la Osburga. Waridi, wakati huo akiwa mwalimu mwanafunzi, aliitwa aje kusikia. Lakini msiba haukutokea katika ukoo, na ugonjwa ulirudi. Mwezi uliopita alituambia, "Basi tumieni wangu. Lake lisomwe kwanza." Alifariki tarehe 2 Septemba, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi. Andendekisye, watoto watatu, Fanueli, Lusia na Asukile, na wajukuu wanne. Jamaa waliofika jana kutoka Madibira, wakiongozwa na Bibi Rukia, wamekaa upande wa familia, kwa kuwa ni familia.

Sekapungu, binti wa Usangu, mama wa Kasian. Ezekia, mwana wa Kasian. Wapumzike kwa amani, wote wawili.